Darwin, mtaalamu wa nyungunyungu

Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1809. Wengi wanamfahamu kwa nadharia ya mabadiliko ya viumbe, lakini mkulima wa Makurunge ana sababu nyingine ya kumkumbuka: nyungunyungu. Aliwachunguza kwa zaidi ya miaka 40, wengine akiwafuga kwenye vyungu na kuwalisha kabichi na vitunguu. Mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufariki, alichapisha kitabu kuonyesha kuwa katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari hupita matumboni mwao kila mwaka na kupandishwa juu.

Mkulima anayetaka mboji achague nyungunyungu wekundu wanaoishi kwenye samadi, awaweke kivulini penye unyevunyevu na kuwalisha maganda na mabaki ya mboga. Wale wa shambani waachwe waendelee kulima.