Maisha ya Gunpei Yokoi, Fundi wa Michezo ya Mkononi

Wahenga walisema kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Sisi tuliozaliwa pande za Korogwe na Handeni, jirani na mashamba ya katani, hatuhitaji kufundishwa maana ya methali hii, kwa kuwa tumeona kamba ya katani iliyofunga mizigo miaka mingi ikiushinda ukambaa uliosukwa jana. Katika toleo hili napenda kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu habari za mtu mmoja wa Japani ambaye maisha yake yalikuwa kama tafsiri ya methali hiyo, ijapokuwa sidhani kama aliwahi kuisikia. Jina lake ni Gunpei Yokoi.

Bwana Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 katika mji wa Kyoto, mji wa kale ambao kwa zaidi ya miaka elfu moja ulikuwa makao ya wafalme wa Japani. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, mjini humo humo. Mwaka 1965 akapata kazi katika kampuni iitwayo Nintendo. Msomaji asidhani kwamba siku hizo kampuni hiyo ilijulikana kwa michezo ya kompyuta. Ilianzishwa mwaka 1889, na kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza karata, hasa zile za Kijapani zenye picha za maua, ziitwazo hanafuda. Kijana Yokoi, pamoja na elimu yake ya chuo kikuu, alipewa kazi ya kuangalia mitambo ya kutengenezea karata ili isiharibike. Wako vijana ambao wangeiona kazi hiyo kuwa aibu. Yeye aliishika.

Mitambo ilipokuwa mizima, fundi hakuwa na kazi nyingi. Basi, katika nafasi yake, Yokoi akajitengenezea mkono wa kuchezea, wenye vipande vilivyopishana kama makasi mengi yaliyounganishwa. Ukibana mishikio, mkono hurefuka na kushika kitu kilicho mbali. Siku moja mkuu wa kampuni, Bwana Hiroshi Yamauchi, akamwona nao. Mfanyakazi anayekutwa akichezea kitu saa za kazi hutazamia kukaripiwa au kufukuzwa. Lakini Bwana Yamauchi alimwamuru aufanye mkono ule kuwa bidhaa ya kuuzwa. Ulitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo Yokoi hakurudi tena kwenye mitambo ya karata. Akawa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea.

Alitengeneza vingi. Mwaka 1969 alitoa kijisanduku ambacho mvulana na msichana walikishika huku wameshikana mikono, nacho kikaonyesha kiasi cha mapenzi yao. Kwa hakika hakikupima mapenzi hata kidogo. Kilipima mkondo mdogo wa umeme upitao mwilini, jambo ambalo tumelisoma katika somo la Fizikia. Lakini watu walikifurahia, na wengine walipata sababu nzuri ya kushikana mikono.

Hapa yanipasa kueleza fikira kuu ya Bwana Yokoi, kwa sababu bila hiyo maisha yake hayaeleweki. Aliamini kwamba si lazima kitu kipya kitokane na maarifa mapya. Yako maarifa yaliyokwisha kuzoeleka, ambayo bei yake imeshuka, ambayo kasoro zake zote zimejulikana na kila fundi anajua kuyatengeneza. Watu wengi huyapa kisogo kwa kuwa yamepitwa na wakati. Yeye aliyaokota, akayageuza upande na kuyapa kazi ambayo hapana aliyeifikiria. Nasi tunao mfano wake. Tairi la lori likiisha kazi barabarani, fundi wetu hulikata akatengeneza katambuga, nazo hukanyaga miiba na mawe ya milimani kwetu kuliko viatu vingi vya dukani. Tairi si jipya. Lililo jipya ni wazo la kulivaa mguuni.

Katika miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilishindana kutengeneza vikokotoo vidogo, hata bei ya vioo vyake na vipuri vyake ikaanguka sana. Husimuliwa kwamba Bwana Yokoi, akiwa safarini katika treni ya kasi, alimwona abiria mmoja aliyechoka akibonyezabonyeza kikokotoo chake kwa kupoteza wakati tu. Akawaza kwamba vipuri vile vile vingeweza kumpa mtu mchezo wa kutia mfukoni. Mwaka 1980 mchezo wa kwanza wa aina hiyo ukatoka, ukaitwa Game & Watch, kwa sababu ulikuwa mchezo na saa pamoja. Mpaka ulipokoma kutengenezwa, michezo ya jamii hiyo ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 43 duniani.

Mwaka 1981 alimsimamia kijana mmoja, Shigeru Miyamoto, katika kuutunga mchezo wa Donkey Kong uliokuja kujulikana kila mahali. Mwaka uliofuata, mchezo huo ulipotakiwa kutiwa katika kifaa cha mfukoni, ilionekana kwamba mpini wa kuchezea haufai, kwa kuwa ungechomoza na kuvunjika. Yokoi akaweka kitufe kimoja chenye umbo la msalaba, ambacho kidole gumba huweza kukielekeza juu, chini, kushoto au kulia bila jicho kukitazama. Mpaka leo vifaa vingi vya michezo duniani vina kitufe cha namna hiyo.

Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989. Iliitwa Game Boy. Kioo chake kilikuwa kidogo, hakikuwa na rangi ila vivuli vinne vya kijani kibichi, wala hakikuwa na taa ndani. Washindani walikuwa na vifaa vizuri zaidi kwa macho. Atari walitoa Lynx mwaka huo huo, na Sega wakatoa Game Gear mwaka 1990, vyote viwili vikiwa na rangi na mwanga. Lakini kila kimoja kilikula betri sita kwa muda wa saa chache tu, na bei yake ilikuwa kubwa. Game Boy ilikula betri nne ndogo, zikadumu saa 15 na kuzidi. Iliuzwa Japani kwa yen 12,500, na Marekani kwa kiasi cha dola 90. Tena ilikuwa ngumu: mtoto akiiangusha, huiokota na kuendelea kucheza. Huko Marekani iliuzwa pamoja na mchezo wa Tetris, uliobuniwa na Bwana Alexey Pajitnov wa Moscow, mchezo ambao hata mzee asiyejua lugha ngeni huufahamu kwa dakika mbili. Game Boy na ndugu yake wa rangi aliyetoka mwaka 1998 viliuzwa zaidi ya milioni 118 kwa jumla. Wale wenye rangi na mwanga hawakuifikia hata kwa mbali.

Nayasema haya si kwa kusoma tu. Likizo iliyopita nilinunua Game Boy moja ya zamani kwa fundi redio mmoja wa mjini Korogwe, ambaye aliipata katika mzigo wa mtumba akaitengeneza upya. Bei yake ilikuwa shilingi 70,000, fedha nilizozipata kwa kupalilia mashamba ya watu kwetu Mpale na kwa kuuza ndizi. Baba yangu hakupendezwa. Aliniuliza kwa nini nitoe fedha ya mbuzi jike kwa kitu ambacho wenyewe walikwisha kukitupa, tena kilichotengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Nilimwomba ruhusa nikitazame vizuri kwanza, naye akakubali kwa sharti la kwenda nami.

Kwa faida ya wasomaji wanaopenda kununua vitu vya namna hii, nitaeleza tuliyoyatazama. Kwanza tulifungua mlango wa betri. Betri zikisahauliwa ndani huvuja, na vyuma vikapata kutu ya kijani. Fundi alikuwa amevisugua kwa siki mpaka vikang'aa. Pili tuliwasha na kukitazama kioo. Ugonjwa wa kawaida wa Game Boy kongwe ni mistari ya wima inayopotea kiooni, kwa sababu viungo vya utepe uliobandikwa kwenye kioo huachia. Fundi alituonyesha jinsi alivyoipitisha hausi ya kuchomea, ikiwa na moto wa kadiri, juu ya utepe ule, na mistari ikarudi. Tatu tulibonyeza kila kitufe, tukazungusha gurudumu la sauti tusikie kama spika inakwaruza. Nne tulitia kaseti ya mchezo na kuitoa mara kadhaa, maana zipo kaseti za bandia nyingi, na zipo halisi ambazo kibetri chake cha ndani kimekufa, hata haziwezi kuhifadhi mchezo ulipofikia. Tano tulimtaka fundi atupe muda wa majaribio, akatupa wiki mbili kwa maandishi.

Baba, ambaye ameishi na redio ya betri miaka mingi, alikaa kimya muda mrefu akiutazama ubao wa ndani. Kisha akamwuliza fundi maswali mengi kuliko mimi. Kilichomshangaza ni kwamba kila kipuri kilionekana kwa macho, na kilikuwa na nafasi ya kuingiza mkono wa fundi. Fedha ikatoka. Kifaa kinakaa nyumbani, kwa kuwa sheria za shule yetu hazikiruhusu bwenini, nami naziona ni sheria za haki katika mwaka wa mtihani. Baba bado husema kwamba mbuzi angekwisha kuzaa. Lakini jioni, baada ya kazi, yeye ndiye hupanga matofali ya Tetris, na mdogo wangu hungoja zamu yake mpaka anasinzia.

Narudi kwa Bwana Yokoi. Mwaka 1995 alipata pigo. Kampuni ilitoa kifaa chake kiitwacho Virtual Boy, ambacho mchezaji alikitazama kwa kuingiza uso ndani, akaona picha zenye kina. Picha zote zilikuwa nyekundu juu ya weusi. Watu wengi walilalamika kuumwa macho na kichwa. Hazikuuzwa hata milioni moja, na mwaka uliofuata biashara yake ilikuwa imekwisha. Mtu aliyepata sifa kwa miaka thelathini akajikuta anatajwa kwa kushindwa.

Lakini hakukata tamaa. Mwaka 1996 ilitoka Game Boy ndogo zaidi, iliyokula betri mbili, yenye kioo kisafi. Mwaka huo huo mchezo wa Pokémon ulitokea Japani, na kifaa ambacho wengi walidhani kimekwisha umri wake kikatafutwa upya na watoto. Mwezi wa Agosti, Bwana Yokoi akaiacha kampuni aliyoitumikia miaka 31, akaanzisha karakana yake mwenyewe mjini Kyoto iitwayo Koto. Huko akashiriki kubuni kifaa kingine, WonderSwan, ambacho kilihitaji betri ndogo moja tu. Msomaji ataona kwamba hakuiacha njia yake: bei nafuu, umeme kidogo, maarifa yaliyozoeleka.

Hakuishi kukiona kikiuzwa. Tarehe 4 Oktoba 1997, gari alimokuwa akisafiri liligongana na lori katika barabara kuu ya mkoa wa Ishikawa. Ajali ile haikumwua. Alishuka kutazama madhara, na gari jingine lililokuwa likipita likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56. Sisi tunaoishi karibu na barabara kuu itokayo Segera kwenda Moshi tunajua habari za namna hii kuliko tunavyopenda. Gari likipata ajali, mtu na asimame nje kabisa ya barabara, maana bati hutengenezeka. WonderSwan ilitoka tarehe 4 Machi 1999, pamoja na mchezo uliopewa jina lake.

Maisha ya mtu huyu yanatufunza mambo kadhaa. La kwanza, kazi ndogo si kifungo. Yeye alianzia kwenye kutunza mitambo ya karata, na macho yake yalikuwa wazi pale pale. La pili, kushindwa mara moja hakufuti kazi ya miaka mingi, wala si sababu ya kuweka chini vyombo vya kazi. La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba umaskini wa vifaa si umaskini wa akili. Katika maabara yetu mara nyingi tunanung'unika kwamba vyombo ni vikuukuu. Bwana Yokoi alivichagua vikuukuu kwa hiari yake, kwa sababu vilikuwa vimejaribiwa na vilinunulika na wengi.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, karibuni tutatawanyika. Wengine watakwenda Kidato cha Tano, wengine vyuo vya ufundi, na mimi naomba Mungu niwe miongoni mwa hao wa ufundi. Popote tutakapopelekwa, na tukitazame mara mbili kitu kilichotupwa kabla hatujakipita. Huenda hakijafa, kinamngoja mtu wa kukigeuza upande.