Bill Bernbach, mutu aliyeuza motokari kwa kuonyesha kosa yake

Wazee wanakumbuka ile motokari ndogo ya mugongo wa duara, moteri iko nyuma na haikunywa maji: Volkswagen, ile tuliita Coccinelle. Mutu aliyefanya Wamarekani waitamani hakuwa fundi wa motokari. Kazi yake ilikuwa matangazo ya biashara.

William Bernbach, wote walimwita Bill, alizaliwa New York mwaka wa 1911, katika jamaa ya Wayahudi wa kartie ya Bronx. Alianza chini kabisa: kupanga barua katika kompani moja ya pombe. Kisha vita akaingia biro ya Grey, akapanda mpaka kuwa mukubwa wa watu wa kuandika na kuchora. Lakini aliona biro inakomaa na kanuni tu. Mwaka wa 1947 aliandikia wapatroni wake barua ya kuwaonya. Mwaka wa 1949 akatoka, akafungua biro yake na Ned Doyle na Maxwell Dane.

Zamani mwandishi alimaliza maneno yake, akatuma karatasi kwa muchoraji, basi. Bernbach akaweka wote wawili chumba kimoja. Mutu wa mine hawezi kushangaa: anayetoboa mwamba na anayetegemeza juu, wasipoongea wanakufa.

Mwaka wa 1959 Volkswagen ikamufikia. Kazi ngumu! Wamarekani walipenda motokari kubwa kama nyumba, na hii ndogo ilitengenezwa kwanza kwa mapenzi ya Hitler. Sasa Myahudi njo aiuze. Watu wake, Helmut Krone na Julian Koenig, wakaweka picha ndogo ya motokari kwenye ukurasa mweupe karibu mutupu. Hawakuficha udogo wake. Tangazo lingine liliita motokari moja limao, neno la Wamarekani kwa mashini iliyotoka kiwandani na ubovu. Chini wakaeleza: mukaguzi aliikataa kwa sababu ya alama ndogo kwenye utepe wa kungʼaa wa kisanduku cha mbele. Musomaji akaelewa mwenyewe zile zinazopita ni za namna gani.

Kisha Avis, kompani ya kukodisha motokari, iliyopata hasara miaka mingi. Bernbach akakubali mbele ya watu wote kwamba Avis ni ya pili, Hertz iko mbele. Kwa hiyo inajikaza zaidi. Faida ikarudi.

Mwaka wa 1964 biro yake ilitumikia Rais Johnson: katika televizyo, mutoto anahesabu majani ya ua, kisha bombe ya atomi inalipuka. Ilipita mara moja tu. Hapo mimi simufuate. Ile haikusema kosa ya mutu yeyote, ilitia woga. Na sisi wa Katanga tunajua uranium ya bombe za kwanza ilichimbwa wapi: mingi ilitoka Shinkolobwe.

Bernbach alikufa New York, Oktoba 1982, na miaka 71. Biro yake ilijulikana kwa herufi tatu: DDB.