Mwanafunzi wa Ngumbaru Astahili Heshima

Mwalimu wa ngumbaru huko Ndithini, Machakos, sharti akumbuke kwamba aliyeketi mbele yake si mtoto. Ni mzazi aliyelima, akauza na kulea jamaa yake bila kujua kusoma. Akikaripiwa mbele ya majirani zake, kesho harudi. Aliyelielewa jambo hili barabara ni Paulo Freire wa Brazil.

Freire alizaliwa mjini Recife mwaka wa 1921. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929 uliitumbukiza familia yake katika ufukara, na babake akafariki mwaka wa 1934. Kijana huyo aliachwa nyuma masomoni, si kwa uzito wa akili bali kwa njaa. Funzo hilo hakulisahau maishani.

Mwaka wa 1963, katika mji wa Angicos, yeye na wenzake waliwafundisha watu wazima wapatao 300 kwa takriban saa 40. Hawakuanza na kitabu cha watoto. Waliyasikiliza kwanza mazungumzo ya wenyeji, wakachagua maneno ya kazi na maisha yao, wakayajadili pamoja, ndipo wakayagawa katika silabi. Kiswahili chaikubali mbinu hii bila taabu. Katika eneo kame kama Ndithini, neno kisima lina mjadala tele: nani alikichimba, nani huteka, na maji hukauka lini? Kisha ki-si-ma, zikibadilishwa irabu mbili tu, huzaa ku-so-ma.

Heshima hiyo ilimgharimu Freire. Nchini Brazil wakati huo, asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura. Kumfundisha kulikuwa kumpa sauti. Jeshi lilipotwaa mamlaka mwaka wa 1964, Freire alifungwa kwa takriban siku 70, kisha akaishi uhamishoni hadi mwaka wa 1980. Alifariki mwaka wa 1997.

Wapo watakaodai kwamba heshima pekee haifundishi alfabeti. Ni kweli, mwalimu hana budi kujiandaa na kusahihisha makosa. Hata hivyo, kosa laweza kusahihishwa bila kumdunisha mkosaji. Mama aliyecheleweshwa kisimani asisimamishwe mlangoni kama mtoto. Aketi, aelezwe yaliyompita. Mwanafunzi wa ngumbaru halazimishwi na yeyote kuja darasani. Huja kwa hiari yake, na kwa hiari hiyo hiyo huondoka.