Mjerumani aliyepeleka ua la Usambara Ulaya
Walter von Saint Paul-Illaire (1860–1940) alikuwa mtawala wa Kijerumani mjini Tanga enzi za ukoloni. Ua dogo la zambarau, linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara, lilimvutia akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliliita Saintpaulia. Likabeba jina la wageni, ingawa kwao ni milima ya Washambaa.

Kulizalisha ni rahisi: jani moja lenye kikonyo huchomekwa kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa miche huchipua. Hivyo likaenea madirishani kote duniani. Lakini Usambara kwenyewe, misitu inapokatwa, linazidi kuwa adimu.