Maisha ya Bwana Javal, Mganga wa Macho

Muhula huu timu yetu ilisafiri kutoka Mbeya kwenda Iringa kucheza mpira, nami ndiye niliyekuwa golikipa. Tulifungwa bao moja. Nilikuwa nimeukazia macho mpira, wala sikumwona mshambuliaji wa pili akija upande wa kushoto. Tuliporudi nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia jinsi macho yanavyofuata vitu vingi vinavyokwenda kwa pamoja. Akanisimulia habari za mtu mmoja, nami nawaleteeni.

Émile Javal alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1839. Kwanza alisomea uhandisi wa madini, lakini dada yake alikuwa na makengeza, na jambo hilo likamgusa sana. Akaacha madini, akasoma uganga na kufuzu mwaka 1868. Alipenda makengeza yatibiwe kwa mazoezi ya kutazama kuliko kwa kisu.

Mwaka 1878 akawa mkuu wa maabara ya macho katika Chuo Kikuu cha Sorbonne. Mtu angeweza kudhani kwamba macho ya msomaji huteleza juu ya mstari kama maji mferejini. Mwaka 1879 Javal alieleza kwamba sivyo: macho huruka, hutua, kisha huruka tena, mfano wa panzi. Mwenzake Lamare aliweka kifaa kidogo juu ya ukope wa msomaji, chenye mipira ya kupeleka sauti masikioni, akaisikia miruko hiyo mmoja mmoja. Sababu yake ni kwamba jicho huona vizuri sana sehemu ndogo tu ya katikati, basi halina budi kuhama.

Wengine walifuata njia hiyo. Mwaka 1988 Pylyshyn na Storm, huko Kanada, waliwaonyesha watu vitu kumi vilivyofanana, vikitembea ovyo. Watu waliweza kufuatilia hata vinne au vitano kwa akili, huku macho yametulia mahali pamoja. Mwaka 2008 wataalamu wengine wakaona kwamba macho yakiachwa huru, mara nyingi hutazama katikati ya kundi. Hapo ndipo nilipolijua kosa langu.

Lakini Javal mwenyewe alipatwa na msiba. Ugonjwa wa presha ya macho ulimla jicho moja, kisha la pili, na kufika mwaka 1900 alikuwa kipofu kabisa. Hata hivyo hakuketi akilia. Mwaka 1903 alitoa kitabu cha kuwashauri wasioona jinsi ya kuishi na kufanya kazi. Alifariki Januari 1907.

Mwalimu alipofika hapo nilimkumbuka babu yangu kule Tukuyu. Siku hizi hujigonga kwenye fremu ya mlango, naye husema ni uzee tu. Mara nyingi ugonjwa huu huanza pembeni, pole pole, bila maumivu. Uwezo wa kuona uliopotea haurudi, lakini ukigunduliwa mapema, dawa husaidia kulinda uliobaki.

Basi likizo hii mpira utangoja. Nitamwomba babu anikubalie nimpeleke Mbeya akapimwe. Nanyi wazazi wetu mnaosoma kurasa hizi, nawasihi msikawie.