Bibi Karen Blixen: Shamba Lilimshinda, Filamu Ikavuna

Katika Wazungu waliokuja Kenya enzi za ukoloni kutafuta mali, ni wachache ambao majina yao yamevuma kama la Bibi Karen Blixen. Ajabu yake ni kwamba hakuvuma kwa kupata, bali kwa kukosa. Shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong lilimla fedha miaka kumi na saba, kisha likamtoa mikono mitupu. Mwaka 1985 hasara hiyo hiyo ilifanywa filamu, na filamu ikaleta mamilioni. Leo ningependa, msomaji wangu, tuyapige hesabu mambo haya mawili, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungsted, Denmark. Januari 1914 aliteremka melini Mombasa, na papo hapo Mombasa akaolewa na Bwana Bror Blixen, Mswidi aliyekuwa jamaa yake wa mbali. Shauri la awali lilikuwa kufuga ng'ombe wa maziwa. Bwana akageuza nia, akanunua shamba la kahawa. Fedha zilikuwa za jamaa za bibi kule Denmark, wenye hisa katika kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company. Basi mwenye fedha alikuwa ng'ambo ya bahari, na mwenye kuzitumia alipenda zaidi bunduki na mwitu kuliko jembe. Mwaka 1921 jamaa wale walimwondoa bwana katika usimamizi, bibi akashika mwenyewe. Ndoa ilivunjika kwa talaka mwaka 1925.

Aliyebaki naye bega kwa bega hadi mwisho ni Farah Aden, Msomali, Mwislamu aliyeishika dini yake, ambaye alikuwa msimamizi wa nyumba na mshauri wake. Lakini hata msimamizi mwaminifu hawezi kuiamrisha mvua. Shamba lilikuwa la ekari zipatazo 6,000, na katika hizo kama 600 zilipandwa mibuni. Lilikuwa futi zaidi ya 6,000 juu ya bahari, mahali penye baridi ya kuidhuru mibuni na mvua isiyotosha. Alijaribu kitani, hakikufaa. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikateketea kwa moto.

Nayaandika haya nikiwa Kedowa, bara ya Kericho, katika njia ya reli iendayo Kisumu, kati ya Londiani na Kipkelion. Sisi watu wa pwani tukifika huku hujikunyata kwa baridi, lakini mkulima wa huku haoni taabu: mvua hunyesha karibu mwaka mzima, chai imestawi, na maziwa ya ng'ombe hayakosekani. Ukiyaona haya ndipo unapofahamu kosa la Ngong. Ardhi ina tabia yake, na asiyeiuliza hulipa.

Hata hapa Kericho wako waliolipa. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwapa maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani ekari zipatazo 25,000, ardhi iliyonyang'anywa Wakipsigis, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na ardhi ikaishia mikononi mwa makampuni ya chai. Mradi ulipofilisika, Wakipsigis hawakurudishiwa ardhi yao. Hilo ni deni ambalo halikuandikwa katika daftari la kampuni yoyote.

Tumrudie bibi. Mwaka 1931 shamba liliuzwa ili ligawanywe viwanja, na leo ni mtaa wa Karen wa jijini Nairobi. Mwaka huo huo, tarehe 14 Mei, mpenzi wake Denys Finch Hatton, aliyekuwa na nyumba Takaungu kwetu pwani, alikufa ndege yake ilipoanguka Voi. Akiwa katika msiba huo, bibi alizunguka ofisi za serikali akiwaombea Wakikuyu waliokaa shambani wapewe mahali pa kuhamia pamoja, na akakubaliwa. Tendo hilo ni la kumhesabia, japokuwa ardhi ilikuwa yao kabla hajaijua. Kisha akarudi kwao, akaandika kitabu cha maisha yake ya Kenya, kikatoka mwaka 1937. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962, wala hakuiona filamu.

Filamu hiyo, Out of Africa, iliongozwa na Sydney Pollack, na Meryl Streep akaigiza nafasi ya bibi. Iligharimu karibu dola milioni 30, fedha za kadiri kwa Marekani, ingawa kwetu ni hazina. Waliijenga upya sura ya Nairobi ya kale, na simba waliofunzwa wakaletwa kutoka California, katika nchi yenye simba wake! Marekani peke yake tiketi ziliingiza zaidi ya dola milioni 87, na duniani kote zaidi ya milioni 200. Mwaka 1986 ilipata tuzo saba za Oscar.

Lakini tusidanganyike na jumla. Fedha ya mlangoni si faida: mwenye sinema hukata fungu lake, msambazaji hukata lake, na matangazo hulipiwa. Ndiyo maana filamu huhitaji kuingiza kama mara mbili ya gharama yake ndipo ianze kupumua. Hii iliingiza zaidi ya mara sita.

Je, nani alivuna? Walivuna wenye filamu. Kenya nayo ilipata watalii, na nyumba ya bibi ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Ila wale waliopalilia mibuni ile, na wazee wao walioimiliki ardhi kabla yake, katika hadithi wamesimama pembeni, na katika mapato hawana fungu. Nimeitazama filamu hiyo, na uzuri wake sikatai. Lakini hasara iliyoliliwa sana ni ya aliyekuja akaondoka. Ya waliobaki bado inangoja mwandishi na mwenye mtaji. Vijana wetu wenye kamera, kazi hiyo ni yenu. Mwenyezi Mungu awajaalie riziki ya halali, na daftari lililo wazi.