Citroën: Buda Aliyebet Kampuni Yote kwa Ndai Moja

Simama pale Malaba ama Busia uhesabu ndai zikipita, utachoka na Probox. Sasa cheki: Probox nyingi zinazokurusha Kisumu mkiwa mmekaliana zinavutwa na magurudumu ya mbele. Kuna buda alifilisika akilazimisha hiyo style iingie kwa gari la watu wa kawaida. André Citroën.

Alizaliwa Paris 1878. Mbuyu wake, muuza almasi, alijiua André akiwa na miaka 6. Kijana akasomea uhandisi, na 1900 akiwa Poland, kwao na mathe, akaona gia zenye meno ya V. Akanunua haki ya kuzitengeneza. Zile V mbili zimegeuzwa kichwa chini kwa nembo ya Citroën? Ni hizo gia.

Vita ya kwanza alitengeneza makombora. 1919 kiwanda kikaanza kutoa magari, na huyu msee alijua kujiuza, wacha tu! 1925 jina lake liliwaka kwa taa kwa mnara wa Eiffel. Msafara wake wa ndai 8 zenye mikanda ya raba nyuma ulitoka Algeria Oktoba 1924, ukakata Sahara na Kongo hadi Kampala. Hapo ukagawanyika mara 4, kundi moja likashuka Kenya mpaka Mombasa. Hiyo ni kitambo kabla watu wa Busia waanze kubebwa na boda boda.

Shida yake ilikuwa kamari. Kasino za Deauville zilimjua vizuri. Lakini bet kubwa haikuwa huko: alijenga kiwanda upya kwa madeni ndio atoe Traction Avant, 1934. Bila chesisi, chini kama nyoka, kwa corner imeshika lami. Ilitoka mapema sana, za kwanza zikasumbua wateja, na wadai hawakungoja. Desemba mwaka huohuo kampuni ikaanguka, Michelin, wale wa tairi, wakaichukua. Julai 3, 1935, kansa ya tumbo ikammaliza akiwa na miaka 57.

Traction iliuzwa mpaka 1957. Ikafuatwa na 2CV na DS, ndai zenye sura ya ajabu, na mashabiki wake ni wagonjwa kabisa: 2CV ya mwisho ilitoka 1990, na bado wanakutana kila miaka 2 kutoka pande zote za dunia, wengine wakiendesha hizo mzee njia yote.